Asma wa Kila Ijumaa

Jumatatu, 6 Januari

Mhasibu mpya ameanza kazi leo. Anaitwa Dorine, katoka Iringa, ana miaka ishirini na saba na viatu vyeupe ambavyo matope ya Songea yatavionyesha kazi. Kabla ya saa tatu alishabandika karatasi kwenye kioo cha dirisha langu: LIPA KWA SIMU, POPOTE ULIPO. Chini yake lipa namba ya kituo. Hakuniuliza. Dirisha hilo nimekaa nyuma yake miaka kumi na tisa na sijawahi kupoteza hata mia mbili.

Kituo chetu cha masista hapa Lizaboni si kikubwa. Kuna wodi mbili, chumba kimoja cha upasuaji, maabara na dirisha langu la malipo. Hakuna mgonjwa anayemwona daktari bila kupita kwangu kwanza. Sista Aurelia, anayekiongoza kituo, ameniambia niwe naandika yanayotokea dirishani mpaka mvua ziishe, ili kamati ione kama huu utaratibu wa Dorine unafaa. Ya kamati nitayaandika kwenye taarifa. Humu naandika yangu.

Jumanne, 7 Januari

Mvua tangu alfajiri. Mtandao umekatika saa mbili, umerudi saa saba. Watu kumi na mmoja wamekaa kwenye benchi wakiziangalia simu zao. Zamani mgonjwa alikuja na hela au alikuja bila hela, ukajua la kufanya. Siku hizi wanakuja na neno moja: "Natumiwa." Anatumiwa na kaka, na shemeji, na mtu wa Dar. Nimemwambia Dorine dawa ya deni kulipa, siyo kutumiwa. Amecheka.

Alhamisi, 9 Januari

Leo tumeruhusu wagonjwa wanne wodi ya kina mama. Watatu wamelipa. Wa nne ni bibi wa Nalasi, kule Tunduru, anaitwa Biasha, ametolewa uvimbe tumboni Ijumaa iliyopita. Mwanawe Muhsini ndiye aliyemleta na ndiye aliyekuja dirishani. Ni fundi cherehani, anashonea barazani kwa watu huku kwetu Lizaboni na amepanga chumba Mjimwema. Kijana mpole, anaongea akiangalia chini.

Hesabu yote laki tatu na kumi. Alikuwa na tisini. Laki mbili na ishirini hana. Alisema korosho za mwaka huu ziliuzwa mnadani Novemba na hela ikaishia kwenye msiba wa baba mkubwa. Lakini yeye ni fundi, Januari watoto wanashonesha sare, atalipa kidogo kidogo. Nikamwambia kidogo kidogo siwezi kuifungia stoo. Atakayetoka na deni anaacha kitu.

Hiyo ndiyo kanuni yetu na ni ya siku nyingi. Kwenye stoo nyuma ya jiko tuna baiskeli kumi na moja, sola mbili, redio na godoro moja ambalo sijui lilipitaje mlangoni. Mwenye mali anasaini kwenye daftari la rehani. Siku sitini zikipita hajalipa, kamati inauza.

Muhsini akaenda, akarudi saa tisa na bajaji, cherehani yake ya miguu imefunikwa turubai. Dorine alitoka nje kunyeshewa ili tu aniambie, "Mama Noela, huyu ukimchukulia cherehani atakulipa na nini?" Nikamjibu kwamba mwenye akili atakwenda kukopa kwa ndugu zake, na hiyo ndiyo kazi ya rehani. Nikaandika: cherehani moja, nyeusi, nzima, 220,000. Kijana akasaini.

Bibi nilimsaidia mwenyewe kupanda bajaji. Alinishika mkono akanishukuru. Nikamkumbusha arudi tarehe ishirini Februari daktari akamwangalie, na wasije mikono mitupu. Akasema, "Inshallah, mwanangu." Nadhani ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na tano hivi.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Panya kwenye stoo, wamekula tandiko la baiskeli.

Alhamisi, 23 Januari

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Noela wangu kapata daraja la nne. Kajifungia chumbani tangu saa nane. Mimi nimekaa sebuleni nasikiliza mvua na sijui nimseme au nimbembeleze. Nimepika wali, hajala.

Ijumaa, 24 Januari

Dirishani kuna jambo jipya. Saa kumi jioni imeingia elfu kumi kwenye lipa namba, jina la mtumaji Asma. Hatuna mgonjwa anayeitwa Asma. Nimepekua mafaili yote ya mwezi, hakuna. Dorine ana daftari analoliita la hela zisizo na mwenyewe, kaandika humo.

Jumanne, 28 Januari

Noela katoka chumbani. Kasema hataki kurudia mtihani, anataka kujifunza kushona. Nikamuuliza kwa cherehani ya nani. Akarudi chumbani.

Ijumaa, 31 Januari

Asma tena, elfu kumi. Saa kumi tena. Dorine anasema tumpigie tujue analipia nani, namba yake si inaonekana. Nikamwambia kazi yangu ni kumtafuta asiyelipa, siyo kumsumbua anayelipa. Watu wengine ni wasahaulifu tu, wanakosea namba ya duka. Atakuja kulalamika mwenyewe.

Ijumaa, 7 Februari

Asma, elfu kumi na tano. Duka gani hili anakopa hivi?

Jumatatu, 10 Februari

Dorine kafungua daftari jingine. Hili lina safu ya "utavuna lini". Kila mwenye deni anamuuliza anategemea nini. Mahindi, anaandika Julai. Kahawa, anaandika Septemba. Korosho, Novemba. Hana shamba, anaandika "kila wiki" na anamwambia atume hata elfu mbili. Nimemwambia huku kwetu ukimpa mtu mpaka Julai, Julai atakwambia mahindi yameliwa na viwavi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kasema, "Sawa mama, lakini ukimdai Februari hana hata hayo ya kuliwa na viwavi." Nikaenda kunywa chai.

Ijumaa, 14 Februari

Asma, kumi. Wauguzi wameanza kumtania: Asma wa Ijumaa kaamka. Nami nimecheka nao.

Alhamisi, 20 Februari

Ilikuwa siku ya bibi Biasha kurudi. Hakuja. Nilijua. Wenye deni hawarudi, wanaogopa dirisha. Nimemwonyesha Dorine kwenye daftari kama ushahidi kwamba hawa ndugu hawana nia. Muhsini mwenyewe hayupo mjini. Fundi mwenzake kaniambia alikwenda Nalasi na mama yake tangu Januari, eti anapalilia mashamba ya watu kwa vibarua. Huyo si ametoroka, nikasema.

Ijumaa, 21 Februari

Asma, kumi na tano.

Jumatano, 26 Februari

Radi imepiga nguzo, hakuna umeme kuanzia Lizaboni hadi sokoni. Tumeandika risiti kwa mkono kama zamani, nami nimefurahi siku nzima.

Ijumaa, 28 Februari

Asma, ishirini. Mvua kubwa, barabara ya Tunduru wanasema malori yamezama.

Ijumaa, 7 Machi

Waislamu wamefunga, mchana benchi linakuwa jeupe. Asma hafungi mfuko, kumi.

Jumatatu, 10 Machi

Siku sitini zimetimia kwa rehani tatu: baiskeli mbili na cherehani ya Muhsini. Nimeandika tangazo, nimelibandika ubaoni. Anayetaka aandike bei, aweke kwenye bahasha, Sista Aurelia atafungua Ijumaa. Wafanyakazi tunaruhusiwa, tumeruhusiwa tangu zamani.

Niandike ukweli kwa kuwa humu hasomi mtu. Nimekwenda stoo jioni, nikaitazama ile cherehani. Nimekanyaga pedali, gurudumu limezunguka bila kulia. Dukani cherehani kama ile haipungui laki tatu na nusu. Nimemwona Noela amekaa nyuma yake.

Nilifikiri pia kumpigia Muhsini. Namba aliyoandika kwenye fomu haipatikani. Nilipiga mara moja.

Ijumaa, 14 Machi

Bahasha zilikuwa tano. Yangu ilikuwa laki na thelathini, nimekopa kwenye kikoba, na ndiyo ilikuwa ya juu. Iliyonifuata laki na kumi. Dorine alikuwa chumbani wakati Sista anafungua. Alikusanya karatasi zake akatoka.

Nimempelekea Noela kwa bajaji. Sijamwona amecheka hivyo tangu darasa la saba. Amenirukia shingoni, msichana mkubwa vile. Tukala ugali na samaki wa ziwani, tukachelewa kulala tukizungumzia atashona nini kwanza.

Asma, kumi na tano. Dorine kaniletea ile simu ya ofisi mezani akaniwekea namba tayari. Nikamwambia Jumatatu.

Jumatano, 19 Machi

Sikupiga Jumatatu. Wagonjwa wengi, malaria.

Ijumaa, 21 Machi

Noela kabadilisha mkanda na sindano. Fundi wa mtaa wa pili anamfundisha kukata. Asma, kumi na tano.

Ijumaa, 28 Machi

Jirani zetu kina Salum wamempa Noela kanzu mbili za watoto azipinde kwa ajili ya Idi, na gauni moja. Kapata elfu kumi na moja. Aliniletea zote nimtunzie. Asma, ishirini.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau ya jirani. Gauni alilopinda Noela limepita mbele ya mlango wetu likikimbia, naye kasimama mlangoni kuliangalia mpaka limepotea kona.

Ijumaa, 11 Aprili

Wiki iliyopita sikuandika. Asma alituma ishirini, leo tena ishirini. Dorine kawasilisha taarifa kwa kamati: waliopewa mpaka wa kulipa kwa mavuno au kwa wiki, asilimia sitini wametuma kitu bila kufuatwa. Walioacha rehani, mmoja kati ya tisa ndiye aliyekomboa. Kamati wamenigeukia mimi. Nikasema hesabu ni sahihi. Ningesema nini? Nimezijumlisha mwenyewe.

Lakini nimebaki na wazo moja ambalo halinitoki. Wenye baiskeli kumi na moja ndio wanaobeba mkaa na mahindi mpaka sokoni. Miaka yote hiyo nilidhani nimewashika. Kumbe nilikuwa nimewafunga miguu nikawaambia wakimbie. Sijamwambia Dorine, asije akanenepa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani nimehesabu magauni manne ya Noela. Mama Polikarp kanigusa bega kusema binti yako ana mkono. Nimesali kwa moyo mweupe.

(Ijumaa Kuu Asma alituma kumi na tano. Dorine kaniambia leo.)

Ijumaa, 25 Aprili

Asma, ishirini na tano. Mvua zimepungua, asubuhi baridi.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo nitaandika yote hata kama mkono utauma.

Tulikuwa tunafunga hesabu za mwezi mapema, mimi na Dorine, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Akafika kwenye lile daftari la hela zisizo na mwenyewe. Zaidi ya Asma kulikuwa na watu watatu tu, wote walishajulikana. Akaanza kujumlisha za Asma kwa sauti. Kumi, kumi, kumi na tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Mara kumi na nne. Akafika mwisho, akacheka: "Haba na haba hujaza kibaba, mama Noela. Laki mbili na ishirini, haina hata mia ya ziada."

Mtu anayekosea namba ya duka hafiki kwenye laki mbili na ishirini kamili.

Niliinuka nikatoa daftari la rehani, nikafungua tarehe tisa Januari, nikalisogeza mezani. Dorine alisoma, akaiweka kalamu chini.

Nikapiga ile namba. Miezi mitatu namba hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu. Mwanamke akapokea, kwa salamu ya adabu, nikamwambia napiga kutoka kituoni Songea.

"Ee, mama, shikamoo. Hizo ni za kaka Muhsini. Alisema Ijumaa ile ndiyo ya mwisho. Zimetimia?"

Nikamwambia zimetimia. Nikamuuliza kwa nini hazikuja kwa jina la Muhsini. Akanieleza kama anavyoeleza mtu jambo la kawaida: kaka yake vidole vimechakaa kwa sindano na mkasi, ile mashine ya kusajili laini haivisomi, kila akienda inamkataa, na laini yake ya zamani imefungwa. Laini wanayotumia kaisajili yeye dada yake, na simu inakaa kwake. Kila Ijumaa watu wakitoka msikitini, kaka alipewa hela yake ya vibarua vya wiki, wakaenda kwa wakala wakaweka, wakatuma. Kwenye karatasi yetu waliona imeandikwa popote ulipo. Basi wakawa wanalipia popote walipo.

Aliniambia Muhsini karudi Songea juzi Jumamosi. Nilitaka kumuuliza hali ya mama yao, simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupatikana.

Nusu ya Nalasi wanatumia laini ya dada, ya mjomba, ya mke. Huku Songea ni vilevile. Hata hii yangu ya pili imesajiliwa kwa kitambulisho cha marehemu kaka yangu. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu. Na bado nilikaa nikatafuta faili la mgonjwa anayeitwa Asma.

Jumanne, 29 Aprili

Sista Aurelia kasikiliza yote amefumba macho. Halafu akasema kosa ni la kituo, siyo langu peke yangu. Tumeuza cherehani kwa laki na thelathini, basi tumrudishie Muhsini laki na thelathini, tumwombe radhi kwa barua, na shauri limekwisha kwa haki. Cherehani ilinunuliwa kwa bahasha, mbele ya mashahidi, ni halali ya aliyenunua.

Ni kweli. Nimeirudia njia nzima mpaka nyumbani: ni halali. Laki na thelathini ni hela. Atanunua kuukuu.

Nimefika nyumbani, Noela anashona sare za shule tatu, kichwa kimeinama, chaki sikioni. Kashapata elfu sabini tangu Machi, ziko kwenye kopo langu. Nikakaa nikamwambia. Aliendelea kukanyaga pedali mpaka akamaliza upindo, ndipo akaacha.

"Mama, na Sista kasema ni yetu."

"Kasema."

"Basi?"

Nikamwambia wakati nanunua, yule mtu alikuwa ameshalipa laki moja na tano. Nilikuwa naziandika mwenyewe. Noela akaniuliza kama nilijua. Nikasema sikujua. Akaniuliza kama nilitaka kujua.

Nimemzaa mimi huyu. Nimeona aibu mbele yake, aibu ya kweli.

Alisema nimempa kitu cha watu, nikamwacha akakipenda. Akalia, akalala bila kula, kama Januari. Sikumfuata.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi, kituo tumefunga. Nimeamka nimekuta Noela ameshatoa meza ya cherehani uani anaifuta. Sare tatu kazimaliza jana. Alipokuja wa bajaji alishika upande mmoja na mimi mmoja.

Muhsini tumemkuta Mjimwema kwenye baraza ya fundi mwenzake, anapachika vifungo kwa mkono. Amekonda. Alisimama akanipa shikamoo, akaona kilichomo kwenye bajaji, akakaa tena.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nimeyasema ovyo ovyo: kwamba hela zake zote zimefika, kwamba zilikuwa zinaingia kwa jina la dada yake, kwamba hatukumpigia na tulipaswa kumpigia. Nikampa risiti. Alizikunjua zote kumi na nne, akazihesabu, akazitia mfuko wa shati. Noela na wa bajaji wakashusha cherehani. Muhsini akainama, akazungusha gurudumu kwa kiganja.

"Nani ameitia mafuta?"

"Mimi," Noela akasema.

"Vizuri. Na mkanda mpya."

"Ee. Ule ulikuwa umelegea."

Akatikisa kichwa kukubali. Ningeweza kuondoka hapo. Lakini kuna jambo lilinisumbua tangu Jumatatu, nikamuuliza kama alijua kwamba cherehani imeuzwa. Akasema alijua, fundi mwenzake alimpigia kwa simu ya dada mapema, wiki ileile. Nikamwambia hela alizotuma baada ya hapo ni laki na kumi na tano, kwa Ijumaa sita. Mtu aliyeuziwa mali yake angeacha kutuma. Angesema ngoma droo, hatudaiani.

Akaliachia gurudumu. Akasema, "Mama alifariki tarehe kumi na mbili Machi. Tulimzika kesho yake. Kaburini nilisimama, kama ilivyo desturi, nikasema mwenye kumdai mama yangu anione mimi. Hakujitokeza mtu. Pale Nalasi hakuna aliyekuwa anamdai. Mnaomdai mlikuwa nyinyi, na mlikuwa mbali. Ijumaa yake nikatuma."

Ijumaa yake ndiyo ile ya bahasha.

Nikamuuliza alikufa na nini. Homa, akasema, na kidonda kilifunguka kidogo upande mmoja, mwezi wa pili. Muhsini alimwambia atamleta Songea, tarehe yake ilishafika. Bibi akakataa. "Alisema kule mama wa dirishani kaniambia nisije mikono mitupu. Nilimwambia nitakopa. Akasema tumalize kwanza hili."

Hakulisema kwa ukali. Alikuwa anaelezea tu, kama mtu anayeulizwa njia.

Nikasema, "Cherehani nilinunua mimi, Muhsini. Na hayo maneno ya dirishani ni yangu."

Noela aliniangalia. Muhsini naye aliniangalia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue alininyanyulia macho. Sijui niliyoyaona humo niyaite nini. Siyo hasira. Hakusema nimekusamehe na sikumwomba aseme. Alivuta kigoda akamwekea Noela, akampa shati lisilokwisha kupachikwa vifungo, akasema jua likipungua ndipo tutapata bajaji ya kurudi. Tukakaa. Noela akapachika vifungo. Mimi nilikaa mikono mapajani.

Ijumaa, 2 Mei

Hakuna hela iliyoingia saa kumi. Nimejikuta naangalia simu.

Jumatatu, 5 Mei

Kituo kimenirudishia laki na thelathini zangu, nimelipa kikoba. Noela ana elfu sabini na bado anatafuta laki mbili na themanini afikishe cherehani mpya. Asubuhi anakwenda Mjimwema kupachika vifungo, analipwa mia mia.

Nimekwenda kwa Sista na mambo mawili, na Dorine nimemwomba anisindikize. La kwanza, kila anayetoka na deni aulizwe nani atamlipia na kwa simu ya nani, jina hilo liandikwe kwenye faili, na rehani zote zirudi kwa wenyewe. Hilo Dorine kalisema tangu Januari kwa maneno yake. La pili, mgonjwa wa kurudi asipite dirishani kabisa. Aende moja kwa moja kwa daktari, awe anadaiwa au hadaiwi. Sista kauliza kamati ikikataa. Nikasema wakikataa watafute wa kukaa dirishani.

Jumatano, 7 Mei

Kamati wamekubali, kwa kunung'unika. Mwenye godoro kaja kulichukua, hatukuamini lilipotoka.

Ijumaa, 9 Mei

Baridi ya kiangazi imeingia, mvua sasa basi. Leo nimekaa na daftari la madeni na kadi za wodini, nikaandika wote wanaodaiwa waliopangiwa kurudi na hawakurudi. Ni kumi na tisa. Nimeanza kuwapigia.

Hadi jioni nimempata wa saba, Kunegunda, mama mmoja wa upande wa Namtumbo aliyejifungua kwa upasuaji mwezi wa pili. Nilipotaja kituo tu akaanza mbio: mama nitalipa, mahindi yakikauka nitalipa, usinipeleke mahali. Wote saba wameanza hivyo hivyo. Nikamwacha amalize.

Nikamwambia, "Sikupigii kwa ajili ya hela. Nauliza kidonda kinaendeleaje."

Nikadhani mtandao umekatika, nikaiangalia simu, dakika zinahesabu. Ndipo nikamsikia anamkabidhi mtu mtoto, anasogea pembeni, na kwa sauti ya chini kabisa anaanza kunieleza.